Nukta Nyeupe kwenye Propela

2 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini wewe na shangazi hamjambo. Sisi huku wazima, isipokuwa gari.

Jana nimekueleza kwenye simu kwa robo saa nzima kwamba gari linatetemeka, ukanijibu kwamba hata huko mvua imenyesha vizuri. Sikulaumu. Masikio yaliyogongewa nyundo miaka arobaini yana haki ya kupumzika. Halafu nikakumbuka ule ubao wa mlangoni kwenye gereji yako: GARI HALIGUSWI MPAKA SHIDA IANDIKWE. Hata yule bwana wa benki aliyekuja na haraka zake ulimpa kalamu na karatasi, akakaa juu ya debe akaandika kama mwanafunzi. Basi nami naandika.

Miaka miwili tangu unipe gari hili siku ya harusi yangu nimekuwa nikizunguka nalo mjini tu, nyumbani hospitali, hospitali nyumbani, na halijawahi kunikosea adabu. Mwezi uliopita nimehamishiwa kituo kipya cha afya. Ni kilomita themanini za barabara kuu, na mkunga ni mimi peke yangu. Huko njiani ndiko nilikoijua tabia yake. Mpaka themanini linateleza kama limepakwa mafuta. Likikaribia tisini linaanza kunguruma kwa mbali, na kwenye tisini na tano linatetemeka mpaka naogopa litaacha kitu barabarani.

Mume wangu hana raha. Hataki nikwame njiani huku mama mwenye uchungu ananisubiri, na hapo simlaumu. Amepata mnunuzi, muuza chakula cha kuku, atakayekuja tarehe 30. Tumekubaliana hivi: likipona kabla ya siku hiyo, linabaki. Lisipopona, linaondoka kwenda kubeba pumba.

Baba, sitaki kuliuza. Humo ndimo nilimojifunza kubadili gia nikiwa nimekalia mito miwili ili nione barabara. Nisaidie.

Mwanao,
Kijiko

5 Juni

Kijiko mwanangu,

Marahaba. Kumbe mvua haikuwa swali! Shangazi yako alicheka mpaka akakaa chini.

Umeandika vizuri, lakini umeandika kama mteja, na mimi nilikulea uwe zaidi ya mteja. Mtoto aliyeiba kijiko cha chai cha marehemu mama yake ili achotee grisi hawezi kuniambia tu kwamba gari "linatetemeka". Linatetemeka wapi? Gari ni kama mgonjwa wako. Ukimwuliza panauma wapi naye akajibu "mwilini", utamwandikia dawa gani?

Nataka mambo matatu. Kwanza, likianza, unalisikia mikononi, kwenye usukani, au makalioni, kwenye kiti? La mikononi ni la magurudumu ya mbele. La makalioni linatoka nyuma au chini ya sakafu, maana gari letu linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na nguvu yote inapita chini yako kwa ile nondo ndefu, propela, kutoka gia boksi kwenda difu, pale katikati ya magurudumu ya nyuma. Pili, likiwa linatetemeka kwenye tisini na tano, barabara ikiwa nyoofu na nyuma yako hakuna mtu, toa mguu kwenye mafuta, weka gia huru, uliache liserereke. Likinyamaza, mgonjwa ni injini. Likiendelea, injini haina hatia. Tatu, fika mwendo uleule kwa gia ya tatu, kisha kwa ya nne, uone kama kuna tofauti.

Usifanye peke yako. Mchukue mkwe wangu aandike, wewe uangalie barabara. Na umwambie muuza pumba asianze kupima magunia.

Geti la hapa nyumbani ulilolipaka rangi wiki ya harusi yako linang'aa bado. Kila anayepita analisifu.

Baba yako,
Fundi

9 Juni

Baba,

Shikamoo. Majibu haya hapa, na mwandishi ni mkweo, aliyekaa kiti cha pembeni na daftari kama karani wa mahakama.

Usukani umetulia kabisa. Mtetemo uko kwenye kiti na sakafuni, na kioo cha ndani kinacheza mpaka gari la nyuma nikiliangalia naliona kama mawili. Nilipoweka gia huru, lilitetemeka vilevile mpaka mwendo ulipoanguka chini ya themanini na tano, likaacha ghafla. Gia ya tatu au ya nne hakuna tofauti, ni mwendo wenyewe tu. Mume wangu ameandika hapa chini: "Saa 4:10, dereva amepiga kelele 'umeona!' mara tatu." Hilo usilitie maanani.

Kwa hiyo injini haina hatia na magurudumu ya mbele hayana hatia. Nimebaki na nyuma, au na propela. Sivyo?

Halafu nikuulize. Mbona siku hizi herufi zako kubwa namna hii? Barua yako imekula karatasi tano. Umepata kazi ya kuandika mabango?

Kijiko

12 Juni

Kijiko,

Herufi kubwa ni kwa sababu karatasi ninazo nyingi na wewe ulizoea kulalamika kwamba mwandiko wangu ni wa kuku. Ukitendewa wema pokea.

Kuhusu gari. Anza na magurudumu. Wakati mwingine tope linakaukia ndani ya rimu, nusu kilo inakaa upande mmoja, gari linaruka kama lina kwikwi. Yafungue yote manne, yasugue kwa ndani, yapigwe balansi. Kisha hamisha: ya nyuma yaende mbele, ya mbele yarudi nyuma. Kama ugonjwa uko kwenye gurudumu, utahama nalo, na usukani ndio utakaolalamika. Usipohama, magurudumu nayo hayana hatia. Angalia pia mpira unaoshikilia gia boksi. Ukipasuka, boksi linaning'inia.

Propela iache. Niliifunga mimi mwenyewe, wiki ile ya harusi yako, wewe ukiwa unapaka geti. Niliweka kroosi mpya, vile viungo vya kwenye ncha zake, mbele na nyuma ili nikukabidhi gari lisilo na deni. Hapo hapana cha kutafuta.

Fanya magurudumu kwanza.

Baba yako

17 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Tarehe 14 tumemaliza magurudumu. Ndani ya rimu moja kulikuwa na tope la kutosha kupandia mchicha, nikadhani tumempata mwizi. Tumepiga balansi, tumehamisha ya nyuma mbele na ya mbele nyuma. Usukani umetulia. Mtetemo uko palepale, kwenye tisini na tano, makalioni. Mpira wa gia boksi mzima.

Karibu na kituo chetu yupo fundi mmoja wanamwita Mama Jeki, kwa sababu anabeba jeki begani kama wengine wanavyobeba mkoba. Mikono yake ni misafi kuliko ya daktari wetu. Alilisikiliza gari akiwa amekaa nyuma, amevua viatu, nyayo sakafuni. Tulipofika tisini na tano akasema neno moja tu: "Propela." Nikamwambia hiyo imefungwa na baba yangu, tafuta kwingine. Akanitazama kwa huruma, baba, kama ninavyowatazama mimi wale wanaosema mimba haiwezekani.

Sasa naomba nikuulize, na usikasirike. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kazi haijaisha mpaka fundi aijaribu mwenyewe, kwa mwendo uleule ambao mteja atakwenda. Uliwahi kumrudisha kijana wa spana nyumbani kwa sababu alilijaribu gari kwenye uwanja wa gereji tu. Ulipoifunga propela, ulikwenda nalo barabara kuu?

Zimebaki siku kumi na tatu. Muuza chakula cha kuku alipita jana "kusalimia". Akapiga tairi teke, akafungua buti akapima urefu kwa mikono. Nilitamani nimpime na yeye.

Kijiko

20 Juni

Kwako Kijiko mwana wa kaka,

Hujambo mama. Baba yako hajui kama nakuandikia, na ukimwambia nitasema umeota.

Barua yako ya tarehe 17 ilifika juzi. Akaikalia uwanjani mchana kutwa, imelala mapajani mwake. Nikamwuliza anawaza nini, akasema ni mambo ya tairi. Lakini mimi ndiye niliyemsomea barua hiyo, na ile ya kabla yake pia, maana kila barua ikifika miwani yake inakuwa imepotea. Miwani iko puani, mama. Inapotea ikiwa puani.

Kuna jambo aliniapisha nisikuambie, na mimi nikiapa nimeapa. Sikuambii. Ila sikuapa kunyamaza kuhusu miwani, wala kuhusu chai aliyoimimina pembeni ya kikombe asubuhi ya leo akasema kikombe kimesogea, wala kuhusu kuku aliyemfukuza jana kutoka kwenye ngazi. Alikuwa mfuko wa nailoni.

Swali lako lilikuwa la haki. Limemkaa kooni. Wewe ni mkunga, unajua kwamba kuna mengine hayavutwi kwa nguvu.

Shangazi yako

24 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari njema! Gari limepona. Kumbe lilikuwa rimu moja la nyuma, limepinda kidogo sana, macho ya kawaida hayalioni. Mama Jeki amelinyoosha na sasa naenda mia moja huku nikipiga mluzi. Muuza chakula cha kuku ameambiwa akatafute gari lingine.

Kwa hiyo usihangaike tena na maswali yangu, yalikuwa ya uchovu. Propela haina neno, ilifungwa vizuri sana.

Nitakuja kuwasalimu karibuni. Msalimie shangazi.

Kijiko

24 Juni

Kijiko mwanangu,

Barua hii kaa kitini ndipo uisome. Ni ndefu na herufi zake ni kubwa, na leo nitakuambia sababu.

Uliniuliza kama nilikwenda barabara kuu. Sikwenda. Lilitoka gerejini moja kwa moja mpaka mlangoni kwako, na aliyeliendesha ni mkwe wangu mwenyewe, mimi nimekaa pembeni na utepe mwekundu mapajani. Watu walisema baba huyu ana moyo, ametoa gari lake pekee. Wakapiga vigelegele. Nikaviacha vipigwe.

Ubao wangu unasema gari haliguswi mpaka shida iandikwe. Miaka arobaini nimewaandikisha wengine. Basi leo naandika mimi.

Shida: SIONI VIZURI. Ilianza miaka mitatu iliyopita. Kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na mimi nafuta, nafuta, hakifutiki. Mchana wa jua kali ni mbaya zaidi. Wiki tatu kabla ya harusi yako nusura nimgonge mama wa watu aliyekuwa anavuka na ndoo. Sikumwona mpaka alipopiga kofi kwenye boneti. Nililirudisha gari gerejini kwa gia ya kwanza, nikazima, na tangu siku hiyo sijashika usukani. Nilikupa gari kwa upendo, mwanangu, huo usiutilie shaka hata kidogo. Lakini nilikupa pia kwa sababu nililiogopa.

Sasa ugonjwa wa gari. Nimeujua tangu barua yako ya tarehe 9. Uliposema uko kwenye kiti, hautoki na gia huru, haujali gia ya tatu wala ya nne, fundi yeyote aliyekula chumvi angesema propela. Mimi nikakutuma ukasugue magurudumu. Nilitumaini kwamba litakuwa tope. Umepoteza siku na nguvu kwa ajili ya aibu yangu, na nakuomba radhi.

Ninavyofanya ni hivi. Propela na kile kisahani cha difu kinachoipokea vimezoeana tangu kiwandani, uzito wa huyu unasawazishwa na uzito wa yule. Kwa hiyo kabla sijaitoa, natia nukta moja ya rangi nyeupe kwenye propela na nyingine kwenye kisahani. Nikirudisha, nukta zinatazamana. Wiki ile nilizitia kama kawaida. Wakati wa kurudisha nilikuwa chini ya gari, nikaona kitu cheupe huku, nikaona kitu cheupe kule, nikavikutanisha, nikakaza. Cha kwenye propela kilikuwa na umbo la ajabu. Nililiona hilo, au niliona nusu yake. Nikajiambia ni macho yangu tu.

Mwambie huyo Mama Jeki atafute nukta ya kweli. Ni ya duara, ukubwa wa punje ya hindi. Bolti ziko nne. Azifungue, azungushe propela mpaka nukta ya duara iitazame ya kwenye kisahani, akaze kwa kuvuka, moja na ya mkabala wake. Kisha mwende barabara kuu. MWENDE, unisikie.

Usiliuze gari kwa kosa langu. Ukitaka kuliuza, liuze kwa kosa lake lenyewe.

Baba yako

27 Juni

Kijiko,

Nimepata barua yako ya tarehe 24. Nimesomewa, nasema wazi, na shangazi yako ameisoma kwa sauti ya mtangazaji.

Rimu la nyuma limepinda? Rimu la nyuma mlilihamishia mbele tarehe 14! Kama lingekuwa limepinda, mtetemo ungehamia kwenye usukani, nawe uliniandikia kwa mkono wako kwamba usukani umetulia. Unamdanganya nani? Mimi macho ndiyo mabovu, mwanangu, si kichwa.

Wagonjwa wako wana bahati kwamba hujui kusema uongo. Barua zetu zimepishana njiani, yako ikija kunificha, yangu ikija kujianika. Dereva wa basi anayetubebea barua angezisoma zote mbili, angecheka mpaka apitilize kituo.

Sasa niambie ukweli. Mlikuta nini huko chini?

Fundi

28 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 24 nimeisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyoagiza, na nimelia, jambo ambalo hukuagiza.

Ukweli huu hapa. Tarehe 22 nilimruhusu Mama Jeki aingie chini. Baada ya dakika mbili nikasikia sauti yake: "Aliyeifunga hii alikuwa kipofu?" Nikapandwa na hasira, baba. Nikamwambia aliyeifunga ni baba yangu, na alikuwa fundi kabla wewe hujajua spana inaanzia upande gani. Akatoka taratibu, akafuta mikono. Nikabaki nimesimama na maneno yangu. Halafu vyote vikaja kwa pamoja: karatasi tano, miwani, chai, mwaka jana ulivyonisalimia mlangoni kwa jina la jirani. Mimi ni mkunga, kazi yangu ni kutazama watu, na wewe sikukutazama. Kwa hilo mimi ndiye wa kuomba radhi.

Nikaandika ule uongo jioni ileile ya tarehe 24, ili usijue kwamba nimejua. Sikujua kwamba na wewe umekaa mezani saa hizohizo unaandika ukweli.

Tulikuta hivi. Nukta yako ya kweli ipo, ya duara, ukubwa wa punje ya hindi kama ulivyosema, nyeupe pe. Na upande wa pili wa propela, nusu mzunguko kamili, kuna tone lingine, refu, lililotiririka. Si jeupe, baba. Ni rangi ya maziwa, ile ya geti. Umekumbuka? Propela ulikuwa umeilaza juu ya gunia pale getini, na mimi nilikuwa juu ya ngazi na brashi, nikiimba, nikidondosha rangi kila mahali. Wewe ulikutanisha nukta yako na tone langu. Kwa hiyo kosa ni la nusu kwa nusu, na nusu yangu siitoi kwa mtu.

Mama Jeki alizungusha nusu mzunguko, akakaza kwa kuvuka, moja na ya mkabala wake, bila kuambiwa. Nikadhani nakuona wewe. Kisha tukaenda barabara kuu. Tisini, kimya. Tisini na tano, kimya. Mia, mume wangu akaweka kikombe cha chai gotini, na chai ikakaa mahali pake. Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwambia muuza chakula cha kuku kwamba gari haliuzwi, na sasa kila asubuhi analipangusa kioo kana kwamba wazo la kuliuza lilikuwa langu.

Na sasa zamu yako. Nadhani ni mtoto wa jicho, lakini mwenye kusema ni daktari. Nimeongea naye pale hospitali yangu ya zamani, amekuwekea tarehe 8 Julai. Nitakuja kukuchukua tarehe 6. Usiniambie huna nafasi.

Kijiko

30 Juni

Kijiko,

Leo ndiyo ile tarehe 30. Nimeamka nikawaza magunia ya pumba kwenye kiti cha nyuma, kisha nikakumbuka kwamba hayamo. Nimekunywa chai vikombe viwili. Kikombe hakikusogea.

Nakuja. Lakini nina masharti. Nikae mbele. Nivue viatu kama huyo Mama Jeki wako, maana nyayo ndizo nilizobaki nazo za kupimia. Uende tisini na tano mpaka mia, isiwe hata mita moja ya mwendo wa mazishi. Na njiani tupite kwake nimsalimie. Mtu aliyesema "propela" baada ya kukaa tu, huyo nataka kumshika mkono.

Shangazi yako anasema anakuja pia. Anasema amesoma barua hizi zote kwa niaba yangu na hakubali kukosa mwisho wake.

Ninaogopa kidogo. Nimeliandika ili liwe limeandikwa.

Baba yako

19 Agosti

Kijiko mwanangu,

Hujambo. Ona ukubwa wa herufi hizi. Ukurasa mmoja, na nafasi imebaki.

Baada ya lile la kushoto, jicho la kulia nalo limepasuliwa na kufunguliwa bandeji juzi, nimesoma mwenyewe dawa, kalenda, na barua zako zote tangu mwanzo, peke yangu, mlango umefungwa. Shangazi yako kumbe alikuwa ananirukia mistari! Ile ya kusema ulilia hakunisomea. Ninamshukuru, ningelia mbele yake, na angenisema mpaka mwaka mpya.

Sikukuambia siku ile ya kwenda hospitali, maana ulikuwa unaendesha na mimi nilijifanya nimelala. Tulipofika tisini na tano niliweka nyayo sakafuni, nikangoja. Nilingoja kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Sakafu ilikuwa kimya. Nikaona bora nifumbe macho usinione. Daktari naye alinifurahisha. Nilimwambia sikubali kuguswa mpaka shida yangu iandikwe, akanisomea faili, imeandikwa yote, na nikajua kwa maneno yake kwamba ni wewe uliyemwonya.

Jumapili mlipokuja kutusalimu, wakati mnakula, niliingia chini ya gari. Najua nimekatazwa kuinama. Niliona nukta yangu. Pembeni yake umeongeza nyingine nyekundu, ya rangi ya kucha, nayo ni ya duara, imetulia, haikutiririka hata kidogo. Ninajua kazi nzuri nikiiona. Na lile tone lako la maziwa nimeliona pia, mmeliacha palepale. Mngelifuta ningesikitika.

Nikatoka chini nikajipangusa, na jua lilikuwa limelipiga geti. Kwa mara ya kwanza nikaliona.

Kijiko, miaka miwili nimekuambia kila mara kwamba linang'aa na watu wanalisifu. Nilikuwa nalisifu kwa kukuamini tu. Mwanangu, hakuna aliyewahi kulisifu. Limepakwa vibaya mno. Lina michirizi kama uso wa mtoto aliyelia, kuna sehemu umeruka kabisa, na kwenye bawaba umepaka buibui akiwa hai.

Nimekaa mbele yake na kiti changu tangu asubuhi, sijapata siku ya raha kama hii. Njoo Jumamosi na brashi. Usipande ngazi, ngazi ni yangu. Safari hii nitaona.

Baba yako,
Fundi